Karatasi Aliyokataa Kuitia Sahihi

(Mazungumzo yetu na wahitimu wa kisomo)

Sisi ni wasaidizi wa kisheria wa kata. Tuko watano: wakulima wanne na fundi cherehani mmoja. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya watoto wenye ulemavu na matatizo yao ya shule. Basi tutaanza na karatasi moja.

Karatasi hiyo alipewa baba mmoja wa kijiji cha jirani. Aliitwa shuleni, akaambiwa, "Mzee, mtoto wako hasomi. Yuko darasa la tatu na hata kunakili ubaoni hawezi. Tia sahihi hapa." Zamani baba huyu angepaka wino kwenye dole gumba, akabonyeza, akaenda zake shambani. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa amemaliza kisomo. Akaishika karatasi. Akaisoma polepole, neno moja moja, kidole kikifuata mstari, huku watu wakimngoja. Iliandikwa kwamba yeye mzazi, kwa hiari yake, anamwondoa mtoto wake shuleni.

Akasema, "Mwalimu, hapa pana neno hiari. Mimi sikusema hivyo. Naomba niende nayo nyumbani."

Jioni akaja kwetu, karatasi ameikunja ndani ya kofia. Alikuja na mtoto. Tulimpa yule mtoto pakiti ya chumvi tukamwambia asome. Akaisogeza mpaka karibu iguse pua, akasoma maneno yote bila kukosea. Tukamwonyesha kalenda ukutani. Akasema, "Naona weupe tu." Kumbe mtoto kusoma anajua! Taabu yake ni umbali. Na darasani alikuwa amewekwa nyuma kabisa, kwa sababu ni mrefu. Kila asiponakili alichapwa, eti mvivu.

Sasa tuseme kosa letu, maana tulikosea. Tulipandwa na hasira. Usiku ule ule mmoja wetu aliandika barua kali, tukaipeleka moja kwa moja wilayani. Mwalimu mkuu hatukumwona, kamati ya shule hatukuiuliza. Mwalimu mkuu aliposikia ameshtakiwa, alikataa kuzungumza nasi wiki mbili nzima. Baba naye akaogopa kumrudisha mtoto. Siku kumi za masomo zilipotea, na wa kulaumiwa ni sisi.

Tulipotulia tulifungua vitabu vya sheria. Je, sheria zinasemaje? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu kama wenzake. Inataka asome katika shule ya kawaida, isipokuwa kama mawasiliano yake yanahitaji shule maalumu. Tena inataka asaidiwe darasani kulingana na hali yake. Hata viboko vina mpaka. Kanuni za mwaka 2002 zilisema viboko visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Afya ya mtoto lazima iangaliwe. Kumchapa mtoto kwa sababu haoni, hilo hatukuliona mahali popote katika kanuni.

Halafu tulimwomba baba ampeleke mtoto hospitali ya wilaya, kwa mganga wa macho. Alirudi na cheti kinachosema mtoto ana uono hafifu, na kwamba miwani itamsaidia kidogo tu. Cheti hiki kilitusaidia kuliko barua zetu zote. Tukaenda nacho kwa mwalimu mkuu, mara hii kwa adabu, tukaomba radhi kwanza. Tukaomba kikao cha kamati ya shule.

Katika kikao hatukudai pesa. Tulidai mambo madogo. Mtoto akae dawati la mbele, mbali na dirisha linalompiga mwanga machoni. Mwalimu anapoandika ubaoni asome kwa sauti. Aruhusiwe kusogea mpaka ubaoni bila kuulizwa, au aazime daftari la mwenzake. Mitihani yake iandikwe kwa herufi kubwa. Mjumbe mmoja akauliza, "Huyu atapendelewa hivyo mpaka lini? Mtihani wa Taifa utamhurumia?" Tukamjibu kwamba Baraza la Mitihani lenyewe hutengeneza karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uono hafifu, na za nukta nundu kwa wasioona, na huwaongezea muda. Lakini shule lazima itoe taarifa mapema wakati wa kuandikisha watahiniwa. Mjumbe yule alinyamaza. Baadaye, tukubali, ndiye aliyemtengenezea mtoto meza ya kuinamisha kitabu.

Ile karatasi ya hiari ilichanwa mbele yetu. Mtoto sasa yuko darasa la tano. Kusoma anakwenda vizuri. Hesabu bado zinampiga chenga, kwa sababu mwalimu wa hesabu huandika kimya kimya na kufuta upesi. Tumemkumbusha mara tatu. Tutamkumbusha tena.

Wengine mnauliza: ninyi ni mawakili? Hapana. Hatuvai joho wala hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Sheria ya Msaada wa Kisheria, namba 1 ya mwaka 2017, ndiyo iliyomtambua msaidizi wa kisheria. Kazi yetu ni kuwaeleza watu sheria, kuwasaidia kupata hati wanazohitaji, kuwaonyesha mlango wa kupita, na kuwashauri wanaogombana wapatane. Hatulipwi na mwenye shida. Mtu akikwambia toa elfu kumi ya fomu, huyo siye sisi. Na kuku msituletee, jamani. Tunawajua.

Shauri likitushinda, linapanda. Linatoka kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, linakwenda kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri, ambako yuko pia afisa ustawi wa jamii. Wakili akihitajika, tunakupeleka kwenye mashirika yanayotoa msaada wa sheria bure. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nayo hupokea malalamiko bila malipo.

Mwenye shida naye ana kazi yake. Weka daftari. Andika tarehe uliyoitwa shuleni, nani alisema nini, mtoto alirudishwa nyumbani siku gani. Barua yoyote unayopeleka, baki na nakala, na nakala hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa. Yule baba alikuwa na kofia tu, lakini alikumbuka tarehe zote. Si kila mtu ana kichwa kama chake.

Tusiwadanganye kwamba kila shauri huisha vizuri. Yupo mama mmoja ana binti wa miaka saba asiyesikia. Shule ya kijiji imempokea, jina lake limo katika rejista, lakini hakuna mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya alama. Binti hukaa darasani kutwa akitazama midomo ya watu. Shule za viziwi zipo. Ya Tabora ilianza mwaka 1963. Lakini ni za bweni na ziko mbali nasi, na mama anasema mtoto huyu bado analala akimshika sikio. Nani atamlaumu? Sisi wenyewe hatukukubaliana. Wawili wetu walisema aende bweni ajifunze lugha yake mapema pamoja na wenzake. Watatu walisema halmashauri ilete mwalimu. Mwisho tulimwachia mama aamue, naye akachagua kudai mwalimu.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Jumatatu tunakwenda naye tena halmashauri. Safari hii barua ameiandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa kalamu ya bluu. Alituomba kitu kimoja tu, tumwangalizie herufi kubwa zimekaa mahali pake. Tulikuta mbili hazikukaa sawa.