Bustani ya Bamburi: Kwa Nini Twende, na Tukatazame Nini

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika za ukanda wa pwani)



Nimeombwa nizungumzie ziara ya mafunzo tunayokusudia kuifanya Haller Park, katika eneo la Bamburi mjini Mombasa. Baadhi yenu mmeuliza, na mna haki ya kuuliza: kwa nini fedha za mradi wa mazingira zitumike kuwapeleka watu kutazama twiga? Nitajitahidi kulijibu swali hilo, kisha ninyi wajumbe mtaamua.

Tuanze nyumbani. Ninyi wenyewe mnayajua mashimo tuliyonayo. Mawe, kokoto na mchanga vilichimbwa humo kujenga nyumba zetu, shule zetu, na hata baadhi ya makanisa yetu. Wachimbaji walipomaliza waliondoka. Mvua ikinyesha mashimo hujaa maji, na watoto huenda kuogelea mahali ambapo hakuna mtu mzima anayewaona. Wakati wa kiangazi hugeuka jalala. Sharika zenye mashimo hayo zimeomba miche ya kupanda, na ni ombi jema. Lakini mche uliopandwa juu ya jiwe hufa, na ukifa tunapoteza fedha ya mfadhili pamoja na moyo wa wale waliojitolea kuupanda. Ndiyo maana napendekeza kwanza twende tukaone mahali ambapo shimo kubwa kuliko yetu yote liligeuka msitu.

Bustani hii ilitoka wapi

Bustani ya Bamburi ipo kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Si hifadhi kubwa kama Tsavo wala Mkomazi. Mtu huizunguka kwa miguu katika muda wa saa mbili hivi, tena bila haraka. Njia zake ni tambarare na zina kivuli. Mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kuzipita, na mzee mwenye fimbo pia, mradi apewe nafasi ya kupumzika.

Mgeni asiyejua historia ya mahali hapo hudhani tambarare ile ni ya asili. Sivyo. Njia ni tambarare kwa sababu mnatembea juu ya sakafu ya machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikichimba mwamba wa matumbawe ya kale kwa ajili ya chokaa ya saruji. Baada ya miaka kumi na saba hivi kulibaki uwanja mpana wa jiwe jeupe. Udongo haukuwepo tena. Jua liliakisiwa na mawe, na chini kidogo ya sakafu palikuwa na maji ya chumvichumvi.

Mwaka 1971 kazi ya kupanda miti ilianza chini ya René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo. Jina la bustani limetokana naye. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira lenye makao Nairobi, ulimweka katika orodha ya heshima ya watu 500 waliotumikia mazingira.

Aina 26, zikabaki 3

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndilo linalotuhusu. Haller alijaribu aina 26 za miti. Zilizoweza kuishi juu ya mwamba ule zilikuwa 3 tu: mvinje, mnazi, na mti mmoja wa Somalia ambao wataalamu huuita Conocarpus.

Kati ya hiyo mitatu, mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Sisi wa pwani tunaufahamu, kwani unaota karibu na bahari na unavumilia chumvi. Una siri nyingine pia. Katika mizizi yake huishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni ya hewani na kuufanyia mti mbolea, kwa hiyo unaweza kukua mahali ambapo miti mingine ingekufa njaa.

Hata hivyo, mivinje ilipokua lilizuka tatizo jipya. Majani yake membamba kama sindano yalidondoka kila siku yakarundikana chini, lakini hayakuoza. Yana tanini nyingi, na vijidudu vya kuozesha havikuyaweza. Miti ilikuwepo, kivuli kilikuwepo, lakini udongo ulikuwa bado.

Msaada ulitoka kwa mdudu tunayemkanyaga njiani bila kumjali. Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akila majani makavu ya mvinje. Akaagiza majongoo wakusanywe na kuletwa machimboni kwa wingi. Jongoo alikula majani, kinyesi chake kikashambuliwa na bakteria kwa urahisi, na mboji ikaanza kujitengeneza. Mboji ilipoongezeka, miti mingine iliweza kupandwa, ikiwemo miti ya asili ya pwani. Mivinje ikapunguzwa hatua kwa hatua na kuuzwa kama nguzo na kuni. Baadaye yakaja mabwawa ya samaki, mamba, viboko, kobe, swala na twiga.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu akienda Bamburi akatazama juu tu, ataona twiga. Somo letu liko chini, kwenye majani makavu.

Mambo manne ya kutazama mkiwa njiani

Kwa hiyo nawaomba wale watakaochaguliwa watembee wakiwa na daftari, na watazame mambo manne.

Kwanza, kuta za machimbo. Pale ambapo mwamba uliokatwa bado unaonekana, simameni. Linganisheni na shimo la kwenu. Je, la kwenu ni jiwe tupu, mchanga, au udongo mwekundu? Kama ni udongo mwekundu, mna mtaji ambao Bamburi hawakuwa nao, na huenda hamhitaji mvinje kabisa.

Pili, ardhi chini ya mivinje. Inameni mtazame, bila kuchimba wala kuokota kitu. Muone majani mapya juu na yaliyosagika chini yake. Mkimwona jongoo, mpeni njia. Yeye yuko kazini.

Tatu, mabwawa. Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, mimea midogo hukua majini, na samaki kama perege hupata chakula. Kilicho uchafu kwa mmoja ni posho kwa mwingine. Sharika zenye mashimo yanayokaa maji ziangalie sana hapa, na ziangalie pia jinsi kingo zilivyozungushiwa uzio ili mtoto asitumbukie.

Nne, wageni wenyewe. Tazameni ni watu gani wanatembea humo: wanafunzi, wazee, familia za mjini. Katika mji wenye joto na msongamano kama Mombasa, mahali pa kutembea kwa utulivu chini ya kivuli si anasa. Mtoto wa mjini ambaye hajawahi kumwona jongoo akifanya kazi yake hatajua kwa nini asichome majani ya uwanjani.

Watoto watawauliza habari za Owen na Mzee, na ni vizuri muijue. Mwezi Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto wa kiboko alikwama baharini karibu na Malindi akiwa peke yake. Aliokolewa na kuletwa Bamburi, akapewa jina Owen, na kwa muda mrefu akaandamana na kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ni mzazi wake. Habari hiyo ilienea duniani kote. Wasimulieni, kisha mwaelezeni kwamba pasingekuwa na bwawa wala kivuli cha kumpokea Owen, kama watu hawakuwa wameanza kazi zaidi ya miaka thelathini kabla yake.

Tusichoweza kuiga

Ni lazima nieleze pia mipaka ya mfano huu. Bustani ile ilianzishwa na kampuni iliyokuwa ikipata faida kutokana na mwamba uleule. Ilikuwa na mitambo, mishahara ya kila mwezi, na mtaalamu aliyebaki na kazi ile kwa miaka mingi. Usharika hauna hayo. Hatutafuga twiga, na mtu asirudi akiomba kiboko.

Vilevile tusirudi tukapanda mvinje kila mahali. Pale Bamburi mvinje ulikuwa mtangulizi wa kuandaa njia. Mahali penye udongo, mwarobaini, mkwaju au mwembe unaweza kuwafaa watu zaidi.

Lakini yapo tunayoweza kuiga bila fedha nyingi. Tunaweza kupanda miche michache ya aina mbalimbali na kungoja msimu mzima kabla ya kupanda mingi. Tunaweza kuacha kuchoma majani. Tunaweza kuweka uzio wa miti hai kuzunguka shimo kabla ya jambo lingine lolote, ili watoto wawe salama. Na tunaweza kumpa mtu mmoja, mwenye jina, wajibu wa kutazama miche kila wiki.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu mnaotusaidia, nina ombi moja kwenu, na nalisema mbele ya kamati ili sote tulisikie. Fomu za taarifa hutuuliza miche mingapi imepandwa. Ni swali rahisi kujibu, na jibu lake hupendeza kwenye picha. Lakini fikirini kama Haller angepimwa kwa fomu hiyo katika miaka ya mwanzo. Angeandika aina 26 zilizopandwa, na mradi ungeonekana umefanikiwa sana. Mwaka uliofuata angeandika kwamba 23 zimekufa, na huenda ungefungwa. Ukweli ni kwamba zile 3 zilizobaki ndizo zilizoleta msitu.

Basi tunaomba tuulizwe maswali mawili zaidi: miche mingapi iko hai baada ya miaka mitatu, na tumejifunza nini kwa ile iliyokufa. Nasi upande wetu tutatoa majibu ya kweli, hata yakiwa machungu. Kamati ya usharika isione aibu kuandika kwamba mti fulani haukufaa. Hiyo nayo ni taarifa, na itauokoa usharika wa jirani.

Maandalizi

Napendekeza kila usharika wenye shimo utume watu watatu: mjumbe mmoja wa kamati, mwalimu mmoja, na kijana mmoja atakayekuwa mtunzaji wa miche. Wanaovuka mpaka wahakikishe hati zao za kusafiria zimekamilika mapema. Viingilio hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni, watoto na watu wazima, kwa hiyo ofisi itauliza bei kabla ya kupanga bajeti. Chukueni viatu vya kawaida vya kutembelea, kofia na maji ya kunywa. Twendeni asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mkirudi, ofisi haitadai hotuba. Itadai karatasi moja: hali ya shimo lenu, aina tano za miti mtakazojaribu, jina la mtunzaji, na tarehe ya kuhesabu iliyo hai. Karatasi hiyo ikifika ndipo miche itatolewa.

Sasa nakaribisha maswali, na yule aliyeuliza habari ya twiga awe wa kwanza.