Njia ya Abasia Nne



Jioni hii napenda kuwaelezeni habari za njia moja ya miguu iliyo kusini ya Uskoti, karibu na mpaka wa Uingereza. Urefu wake ni maili 68, nayo ni ya mviringo: mtu akitoka mji wa Kelso na kuifuata, hurudi Kelso baada ya siku tano au sita. Njiani huyaona magofu ya abasia nne, yaani nyumba kuu za watawa, kama ile ya Peramiho iliyo hai hata leo. Nazo ni Kelso, Jedburgh, Melrose na Dryburgh, zilizoanzishwa zote katika enzi ya Mfalme David wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1153.

Kuta za Jedburgh zasimama karibu kwa kimo chake chote, ila paa hakuna. Melrose, juu kabisa, imechongwa sanamu ya nguruwe apigaye zumari la mfuko wa ngozi. Kumbe watawa nao walijua kucheka.

Maangamizi yalitokana na posa. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alitaka mwanawe amwoe Mary, malkia mchanga wa Uskoti. Waskoti walipokataa, alileta majeshi, na mwaka 1544 na 1545 nyumba hizo zikachomwa moto. Mageuzi ya dini ya mwaka 1560 yakamaliza yaliyosalia.

Lakini lililonigusa mimi, kwa kuwa ni karani, ni jambo jingine. Watawa hao walikuwa waandishi hodari. Kelso ndiyo iliyobakiwa na kuta chache kupita wenzake. Walakini hati yake ya mwaka 1159, ambayo kwayo Mfalme Malcolm wa Nne alithibitisha mali ya nyumba hiyo, ipo hata sasa. Imeandikwa juu ya ngozi, na ndani ya herufi ya kwanza wamechorwa wafalme wawili: David, mzee mwenye ndevu, na Malcolm mjukuu wake, kijana asiye na ndevu. Mawe yameanguka, ngozi imebaki.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kabla sijaketi naomba neno moja. Madaftari ya mikutano yetu ya zamani yamewekwa sakafuni ghalani, na mchwa wamekwisha kuanza kula kingo zake. Yapandishwe juu ya rafu kabla ya masika.