HOTUBA YA MWENYEKITI: ADA ZA CHUO NA MASOMO YA BURE YA MTANDAONI



Tumshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka kumi. Sanduku letu bado lina funguo tatu, na hesabu zake zinasomeka.

Leo nataka kusema juu ya ada. Mtoto akipata nafasi chuoni, mama anakuja kuomba mkopo. Usipotosha, anauza mbuzi, halafu shamba la alizeti. Bodi ya Mikopo ya serikali ilianza kazi mwaka 2005 na imesaidia wengi, lakini si kila mtoto anapata. Asiyepata anabaki hapa Itigi, amekaa tu.

Siku hizi yapo masomo mtandaoni bila ada. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kuwa kitaweka masomo yake wazi kwa watu wote. Hapa kwetu, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule kwenye maktaba yake ya mtandaoni.

Ila tusidanganyane. Bure hiyo ina bando lake. Masomo ya vyuo vya nje mengi ni ya Kiingereza. Na kujua ni kitu kimoja, cheti ni kingine: hakuna hospitali itakayoajiri muuguzi aliyesomea kwenye simu. Anayetaka shahada huku anafanya kazi, kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Ada ipo, lakini mtu anasoma akiwa kwake. Bali anayetaka kujua hesabu za duka, kompyuta au ufugaji wa nyuki, huyo asingoje mama auze shamba.

Wenzangu, jambo hili si geni. Mwaka 1973 mama zetu walisoma kwa redio, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Redio haichimbi choo, kikundi ndicho kilichochimba. Na simu ni hivyo hivyo. Kijana ukimwachia peke yake, ataangalia mpira.

Kwa hiyo naomba mfuko wa jamii ununue simu janja mbili na bando la kila mwezi, zikae kwa katibu. Kila Jumamosi vijana wetu wakae pamoja saa mbili, waandike daftarini walichojifunza. Baada ya miezi sita tulikague daftari hilo kama tunavyokagua sanduku.

Wapo watakaosema mfuko ule ni wa misiba na magonjwa. Ni kweli. Lakini kijana aliyekaa bila kazi wala elimu, huo nao ni ugonjwa wa nyumba.

Mikopo ya ada iendelee. Ila mwombaji atuambie kwanza: mwanao anatafuta ujuzi au cheti? Maana shamba likishauzwa, kulirudisha ni kazi.

Akina mama oyee!