Tezi ya Moppie: Mwanzo wa Mashindano ya Boti za Injini katika Bahari ya Wazi, 1903–1961



Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mhandisi wa vyombo vya majini asome kwa bidii habari za mashindano ya matajiri. Jibu langu ndilo mhadhara wenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne, watu wenye fedha na wenye injini bora kuliko zote duniani waliingia baharini wakashindwa na mawimbi. Waliposhinda, injini haikuwa sababu. Sababu ilikuwa umbo la tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo.

Tuanzie bandari ya Queenstown, kusini mwa Ireland, Julai 1903. Alfred Harmsworth, mwenye gazeti la Daily Mail, alikuwa ametoa kombe kwa boti za injini za mataifa mbalimbali. Chombo kisizidi futi 40, na kila kilichomo kiwe kimetengenezwa katika nchi inayoshindana. Kombe lilichukuliwa na boti ya Napier, mali ya Selwyn Edge, na waliokuwamo ni Campbell Muir na mwanamke kijana aitwaye Dorothy Levitt. Mwendo wake ulikuwa maili 19.53 kwa saa, yaani kama kilomita 31. Tafadhali iwekeni akilini tarakimu hiyo, nitairudia.

Angalieni pia kwamba aliyetoa kombe ni mwenye gazeti. Magazeti ndiyo yaliyouzaa mchezo huu, na tutayakuta tena Ufaransa na tena Uingereza. Gazeti lilihitaji habari ya kuuza nakala, na boti ndogo katika bahari kubwa ni habari hata ikifika salama. Isipofika, ni habari kubwa zaidi.

Mei 1905 gazeti la Paris, Le Matin, likaandaa mashindano ambayo kwangu ndiyo darasa la kwanza la kweli. Boti saba zilitoka Algiers kuelekea Toulon, kuikata Bahari ya Mediterania kutoka Afrika hadi Ulaya. Njia iligawanywa mara mbili: kama kilomita 360 hadi Mahon katika kisiwa cha Menorca, kisha karibu 385 hadi Toulon. Manowari za Ufaransa zilifuatana nazo. Boti zenyewe zilikuwa ndefu na nyembamba, mithili ya upanga, kwa sababu wakati ule watu waliamini kwamba chombo cha kasi lazima kiyapasue maji. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, bahari ilikuwa shwari. Katika sehemu ya pili tufani iliwafikia njiani.

Miongoni mwa waliokuwa baharini siku hiyo alikuwa Camille du Gast, mwanamke wa Paris ambaye wakuu wa mashindano ya magari walikuwa wamemzuia mwaka uliotangulia asiendeshe tena, kwa sababu tu ni mwanamke. Alikuja majini kwa kuwa nchi kavu walimfungia mlango. Boti yake iliitwa Camille. Mawimbi yalipanda juu ya omo, injini zikaingia maji, na boti moja baada ya nyingine ikaachwa au ikazama, mabaharia wakiokolewa na manowari katika hali ya hatari kubwa. Hakuna boti iliyofika Toulon. Hakuna mtu aliyekufa, na kwa hilo mabaharia wa manowari zile wanastahili sifa kuliko washindani wote. Miezi miwili baadaye waandaaji walimtangaza du Gast mshindi, maana ndiye aliyekuwa amekaribia zaidi kabla bahari haijakichukua chombo chake.

Nawaomba mlitafakari tukio hilo kwa upole, bila kuwacheka. Walikuwa watu jasiri na injini zao hazikuwa mbovu. Kilichokosekana ni maarifa ya kile kinachotendeka chini ya chombo bahari inapochafuka. Chombo chembamba chenye uzito wa injini tumboni hakipandi wimbi, huingia ndani yake.

Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 ilionyesha jambo lilelile kwa udogo. Boti za injini zilishindanishwa Southampton Water, mwezi Agosti, katika upepo mkali. Katika kila fainali kati ya zile tatu, boti moja tu ndiyo iliyomaliza. Thomas Thornycroft alichukua medali mbili za dhahabu kwa boti yake Gyrinus, huku wenzake wakikumba maji kwa ndoo. Mchezo huo haukurudi tena katika Olimpiki.

Basi wakafanya nini? Wakaikimbia bahari. Mashindano makubwa yakahamia mitoni na maziwani, kwenye maji yaliyotulia, na huko mwendo ukapanda kwa namna ya kutisha. Mwaka 1932, kwenye mto St. Clair, Gar Wood wa Marekani aliendesha Miss America X, yenye injini nne za Packard, kwa maili zaidi ya 124 kwa saa. Ni kazi kubwa na siidharau. Lakini ingeletwa katika bahari ya wazi siku ya upepo, boti ile isingedumu. Kasi ya mtoni na kasi ya baharini ni taaluma mbili tofauti, na kwa miaka mingi dunia ilijifunza moja na kuipa kisogo nyingine.

Hapa inabidi nieleze jinsi mambo yanavyofanya kazi. Boti ikienda polepole inabebwa na maji inayoyasukuma kando. Ikiongezwa kasi, huinuka na kuanza kuteleza juu ya maji, na sehemu iliyo bapa ndiyo huinuka kwa urahisi. Ndiyo maana mafundi wa miaka ya 1930 na 1940 walichonga omo iwe kali kama shoka, kisha wakailaza taratibu hadi tezi ikawa karibu bapa kabisa. Umbo hilo lina kasi nzuri kwenye maji tulivu. Baharini, chombo kikiruka wimbi hutua kwa tezi, na tezi bapa ikipiga maji ni kama kofi la ubao. Niliwahi kuvuka mkondo wa Nungwi wakati wa kaskazi ndani ya boti ya namna hiyo. Kila wimbi lilinipanda uti wa mgongo mpaka shingoni, na nahodha hakuwa na kosa lolote. Alipunguza mwendo kadiri alivyoweza. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa pekee kwa kila nahodha wa boti bapa: punguza mwendo.

Tarehe 6 Mei 1956, Sherman Crise, ambaye watu walimwita Red, aliandaa mashindano kutoka Miami hadi Nassau, Bahama, karibu kilomita 300. Njia hiyo huanza kwa kuukata Mkondo wa Ghuba unaokwenda kaskazini. Upepo ukivuma kutoka kaskazini ukapingana nao, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Ninyi manahodha mnalijua hilo bila mimi kulieleza, kwa kuwa mkondo wa pwani yetu nao hukimbilia kaskazini na kaskazi huupinga. Mshindi alikuwa Sam Griffith, akiwa pamoja na Dick Bertram. Walitumia zaidi ya saa 9.

Sasa irudisheni ile tarakimu ya Queenstown. Kilomita 300 kwa saa zaidi ya 9 ni kama kilomita 32 kwa saa. Miaka 53 ilikuwa imepita. Vita viwili vikuu vilikuwa vimepiganwa, injini zilikuwa zimeongezeka nguvu mara nyingi, na katika bahari ya wazi mshindi alikwenda kwa mwendo ambao Napier iliupata bandarini mwaka 1903. Sioni ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba tatizo halikuwa injini.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Raymond Hunt wa Massachusetts, mtu asiyekuwa na shahada ya uhandisi. Alijifunza kwa kusafiri kwa tanga, kwa kuchonga na kwa kutazama. Wazo lake likielezwa ni jepesi: chini ya chombo pawe na umbo la herufi V, na V hiyo isilazwe kuelekea nyuma, bali iende na mwinamo uleule, kama nyuzi 24, mpaka mwisho wa tezi. Kisha akaongeza vipande vyembamba vya mbao kwa urefu wa chombo, pande zote mbili za mkuku, ili viyatupe maji kando na kukisaidia kuinuka. Chombo kikitua, V huingia majini kidogo kidogo badala ya kuyapiga kwa kishindo.

Mwaka 1958, Bertram alikuwa Newport, Rhode Island, baharia katika jahazi la Vim kwenye majaribio ya kuwania Kombe la Amerika. Siku moja ya upepo aliona boti ndogo ya Hunt ikipita juu ya mawimbi kana kwamba haikujali. Akaagiza ya kwake, kubwa zaidi, ya mbao, kama futi 31, akaiita Moppie kwa jina la utani la mkewe.

Moppie ilishindana Miami–Nassau mwaka 1960, Griffith akishika usukani. Siku hiyo bahari ilichafuka vibaya. Boti nyingi zilirudi nyuma au zilijificha. Moppie ilifika Nassau kwa muda wa saa 8. Saa mbili baadaye ikafika ya pili, Aqua Hunter ya Jim Wynne, boti ndogo yenye injini mbili za Volvo zisizo na nguvu ya kujivunia. Nayo ilikuwa imechorwa na Hunt, na ilikuwa na tezi ileile. Zilizofuata zilifika siku ya pili yake.

Watu hupenda kumsifu Griffith kwa ushindi huo, na ni haki yake, maana usukani katika bahari ile si wa kila mtu. Lakini mimi nikiwafundisha wanafunzi huwataka waitazame Aqua Hunter kwanza. Boti fupi, yenye injini ndogo, iliwapita wakubwa wote isipokuwa Moppie.

Umbo hilo lina gharama zake, na mwalimu anayezificha hafundishi. V ya kina huomba nguvu zaidi kuinuka, hivyo hunywa mafuta zaidi. Ikisimama huyumba upande kwa upande kuliko tezi bapa. Na Hunt mwenyewe hakufaidi kama alivyostahili: hakufanikiwa kupata hataza ya uvumbuzi wake, na viwanda vya dunia nzima vikauiga bila kumlipa. Bertram ndiye aliyeitumia Moppie kutengenezea kalibu, na mwaka 1961 akaanza kuuza boti za faiba za umbo hilo. Boti nyingi za faiba za doria na za kubeba abiria mnazoziona katika visiwa vyetu ni ukoo wa kalibu hiyo.

Mwaka huohuo mchezo ukarudi Ulaya, na kama nilivyotangulia kusema, kwa mkono wa gazeti. Sir Max Aitken wa Daily Express, rubani wa vita, alivutiwa na mashindano ya Nassau akaanzisha ya kwake kutoka Cowes hadi Torquay, kusini mwa Uingereza. Nia yake aliitangaza waziwazi: kuboresha boti za kasi za kusafiria baharini. Tarehe 19 Agosti 1961 zilianza boti 27. Zilizomaliza ni 9. Wa kwanza alikuwa Tommy Sopwith katika Thunderbolt, kwa wastani wa kama maili 25 kwa saa. Baba yake, mtengenezaji wa ndege, alikuwa amelitwaa kombe la Harmsworth mwaka 1912.

Boti 9 kati ya 27 si hesabu ya kujivunia, lakini ilinganisheni na safari ya Mahon hadi Toulon mwaka 1905. Mwaka uliofuata Waitalia nao walianzisha yao, Viareggio–Bastia–Viareggio, na kutoka kwao akainuka Renato Levi, mzaliwa wa Karachi aliyekulia India, ambaye maumbo yake ya boti yangehitaji mhadhara wa peke yake.

Sam Griffith alifariki mwaka 1963. Kombe la ubingwa wa dunia likapewa jina lake, na bingwa wa kwanza kulichukua, mwaka 1964, alikuwa Jim Wynne, yule aliyefika Nassau wa pili.