Jina, Kitenzi na Nambari: Ngeli za Shughuli za Uchumi katika Usajili wa Kampuni

1.0 Utangulizi

Mtu anayesajili kampuni Tanzania Bara huulizwa mambo mengi ambayo majibu yake tayari anayo: jina la kampuni, anwani, wakurugenzi, wanahisa na mtaji. Lipo swali moja ambalo jibu lake halimo katika nyaraka zake. Swali hilo humtaka achague, katika orodha ndefu, nambari ya shughuli ambayo kampuni yake itaifanya. Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ulianza kusajili kampuni kwa njia ya mtandao mwaka 2018, na orodha ya shughuli katika mfumo huo inafuata Uainishaji wa Kimataifa wa Shughuli Zote za Kiuchumi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, ISIC.

Swali hili huchukuliwa kuwa la karani au la mhasibu. Mhadhara huu unadai kwamba ni swali la maana ya maneno, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anazo tayari zana za kulijibu. Hoja ya msingi ni kwamba nambari sahihi haipatikani kwa kuuliza mtu anaitwa nani au duka lake linaitwaje. Hupatikana kwa kuuliza anafanya nini, kisha kukipima kitenzi hicho kwa maelezo ya uainishaji wenyewe.

2.0 Nambari na Ngeli

Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamezoea kutumia nambari mahali pa majina. Wilhelm Bleek, katika sarufi linganishi aliyoitoa kwa sehemu mbili mwaka 1862 na 1869, alizipa ngeli za nomino nambari, na Carl Meinhof akaiendeleza kazi hiyo. Faida yake ni dhahiri. Kiswahili kina kiambishi ki-, Kizulu kina isi- na Kiganda kina eki-, lakini watafiti wa lugha hizo tatu wakitaja ngeli ya 7 wanaelewana.

Umoja wa Mataifa ulipoupitisha uainishaji wa ISIC mwaka 1948 ulikuwa na haja ya namna hiyo hiyo, yaani kulinganisha uchumi wa nchi ambazo lugha na desturi zake za biashara hazifanani. Uainishaji huo umerekebishwa mara kadhaa. Marekebisho ya 4 yaliidhinishwa mwaka 2006 na kuchapishwa mwaka 2008. Marekebisho ya 5 yaliidhinishwa mwaka 2023. Nambari zinazotajwa katika mhadhara huu ni za Marekebisho ya 4. Tahadhari hiyo si ya bure, kwa kuwa marekebisho hubadili hata herufi. Huduma za fedha na bima, ambazo zilikuwa chini ya herufi K, zimehamia herufi L katika Marekebisho ya 5.

Muundo wa Marekebisho ya 4 una ngazi nne. Ngazi ya kwanza ina sehemu 21, kuanzia A hadi U. Sehemu hizo zimegawanywa katika divisheni 88 zenye tarakimu mbili, makundi 238 yenye tarakimu tatu, na hatimaye vikundi vidogo 419 vyenye tarakimu nne. Hivi vya mwisho ndivyo mhadhara huu unavyoviita ngeli. Neno daraja lingeleta fikra ya cheo, na neno tabaka lingeleta fikra ya matajiri na maskini. Ngeli ya 7 haiko juu ya ngeli ya 9; zinatofautiana tu. Hali kadhalika, ISIC haiangalii ukubwa wa kampuni, mmiliki wake, wala kama kazi inafanywa kwa mkono au kwa mashine. Huangalia shughuli peke yake.

3.0 Jina Halitoshi

Mjadala wa ngeli katika Kiswahili umeonyesha kwamba umbo la neno haliamui kila jambo. Kifaru ana kiambishi ki-, lakini mnyama huyo husemwa kuwa amelala, si kimelala. Kifaru cha kivita, kwa upande wake, kimeharibika. Neno ni moja. Upatanisho ni wa namna mbili, kwa sababu vitu vinavyotajwa ni viwili.

Majina ya kazi yana tabia hiyo hiyo. Seremala ni neno moja linalotosha kabisa mtaani. Katika uainishaji, seremala anayetengeneza vitanda na makabati yumo katika 3100, utengenezaji wa samani. Anayetengeneza milango na fremu za madirisha yumo katika 1622, useremala wa vifaa vya ujenzi. Anayekwenda kuifunga milango hiyo katika nyumba yumo katika 4330, umaliziaji wa majengo. Anayekarabati viti vilivyovunjika yumo katika 9524. Anayenunua samani zilizokwisha kutengenezwa na kuziuza dukani kwa rejareja yumo katika 4759, ingawa kibao cha duka lake kinaweza kusema kwamba hapo ni kwa seremala.

Chakula nacho kinatoa mfano. Muuza mihogo mibichi kwenye meza ya sokoni yumo katika 4781, rejareja ya vyakula kwenye vibanda na masoko. Jirani yake anayeikaanga mihogo hiyo na kumpa mteja aile pale pale yumo katika 5610, pamoja na mama lishe na wenye migahawa. Bidhaa ni mihogo, na soko ni lile lile. Tofauti imeletwa na kitenzi kukaanga.

4.0 Kitenzi na Mnyambuliko Wake

Ikiwa kitenzi ndicho kiongozi, inafaa kuuliza minyambuliko yake inaathiri vipi uchaguzi. Kauli ya kutendea haibadili ngeli katika kazi za uzalishaji. Mwenye mashine anayesaga mahindi yake na kuuza unga yumo katika 1061. Anayewasagia watu mahindi yao kwa malipo yumo humo humo, kwa kuwa uzalishaji unaofanywa kwa ujira huhesabiwa sawa na uzalishaji wa mtu kwa nafsi yake. Vivyo hivyo, kushona nguo za kuuza na kumshonea mteja aliyeleta kitambaa ni 1410. Kitenzi kikibadilika katika mzizi wake, nambari hubadilika. Anayepunguza suruali au kubadilisha zipu hashoni nguo mpya. Yumo katika 9529, ukarabati wa vitu vya watu binafsi na vya nyumbani.

Kauli ya kutendesha ina mambo zaidi. Ichukuliwe kampuni ambayo haina hata cherehani moja, bali inashonesha sare za shule kwa mafundi wengine. Je, ni kampuni ya utengenezaji au ya biashara? Marekebisho ya 4 yanajibu kwa swali lingine: kitambaa ni cha nani? Ikiwa kampuni inakimiliki kitambaa kinachoshonwa, inahesabiwa kuwa mtengenezaji na nambari yake ni 1410. Ikiwa haikimiliki, bali inaagiza na kununua sare zilizokamilika, hiyo ni biashara, na nambari yake itategemea kama inauza kwa jumla, 4641, au dukani kwa rejareja, 4771. Mwombaji anayejieleza kwa kusema tu kwamba anajishughulisha na nguo hajalifikia swali hilo.

Hata hivyo, kitenzi nacho kina mipaka yake. Wanawake wa pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Unguja na Pemba, husema wanalima mwani. Anayeongozwa na kitenzi kulima ataitafuta nambari yake katika divisheni ya 01, pamoja na mpunga wa 0112 na karafuu za 0128, na hataipata. Uainishaji unaiweka kazi hiyo katika 0321, ukuzaji wa viumbe wa baharini, ndani ya divisheni ya 03 ya uvuvi. Mwani unaookotwa ufukweni bila kupandwa umo katika 0311. Hapa lugha imeazima kitenzi cha shamba na kukipeleka baharini, jambo ambalo ni halali kabisa katika lugha. Funzo lake ni kwamba uchaguzi una hatua mbili: kutaja kitenzi, kisha kusoma maelezo ya ngeli ili kujua inajumuisha nini na inaacha nini.

5.0 Shughuli Nyingi katika Kampuni Moja

Kampuni nyingi hufanya zaidi ya shughuli moja, na hapo ndipo shughuli kuu inapotakiwa kujulikana. Kipimo cha ISIC ni thamani inayoongezwa na kila shughuli, si mapato peke yake. Utaratibu wake huanzia juu kushuka chini.

Ichukuliwe kampuni ya useremala ya kubuni ambayo thamani yake yote ni 100. Kufunga milango kunaleta 35, kutengeneza samani 30, kutengeneza milango 20, na kuuza samani zilizonunuliwa kwingine 15. Mtu atadhani jibu ni 4330, kwa kuwa 35 ndiyo kubwa kuliko zote. Lakini hatua ya kwanza ni kuitafuta sehemu. Utengenezaji wa samani na wa milango yote miwili imo katika sehemu C, na jumla yake ni 50, ambayo inazidi 35 ya ujenzi katika sehemu F. Sehemu C ikishashinda, hulinganishwa divisheni zake: divisheni ya 31 ina 30 na divisheni ya 16 ina 20. Jibu ni 3100.

Kishawishi kingine ni kukimbilia ngeli za mabaki, zile za shughuli nyinginezo zisizotajwa kwingine, ambazo kwa kawaida huishia na tarakimu 9. Ngeli hizo zina kazi yake, lakini ni za kufikiwa baada ya nyingine zote kupimwa.

6.0 Gharama ya Kukosea

Ngeli ya nomino ikikosewa, kosa halibaki katika nomino. Husambaa katika kivumishi na kitenzi hadi sentensi nzima ikapoteza upatanisho. Nambari ya shughuli nayo husambaa. Kampuni inayojenga nyumba yumo katika 4100, na kazi yake inaangukia kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kampuni inayosanifu bila kujenga imo katika 7110, na huko kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Aliyechagua nambari isiyo yake ataomba leseni kwa jina la shughuli moja huku akionekana kwenye daftari kwa shughuli nyingine, na atatakiwa kueleza.

Takwimu nazo huathirika. Mafundi wanaotengeneza samani wakijiandikisha kuwa wachuuzi, uzalishaji wao utahesabiwa kuwa uchuuzi, na anayepanga sera ya viwanda kwa daftari hilo hatawaona.

Mzigo huu haubebwi sawa na wote. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 ilitungwa kwa Kiingereza, na Kiswahili si miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Mwombaji asiyekimudu Kiingereza humwachia uchaguzi huo mtu anayemjazia fomu. Mtu huyo, ambaye hajawahi kuiona karakana, huchukua neno la kwanza linalofanana na aliloambiwa. Hivyo fundi anayeweza kueleza kwa usahihi kila hatua ya kazi yake, kwa msamiati ambao kamusi nyingi hazijaufikia, husajiliwa kwa maelezo ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyasoma.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hatua hiyo inaifungulia taaluma ya Kiswahili kazi mahususi. Tafsiri ya majina 419 peke yake haitatosha, kwa kuwa imeonyeshwa kwamba jina ndilo linalopotosha. Kinachohitajika ni faharasa inayopangwa kwa vitenzi vya kazi, ambamo mtu akitafuta kushona, kushonesha au kupunguza nguo ataelekezwa kila mara mahali pake, na akitafuta kulima mwani ataonywa asiende shambani. Msamiati huo uko kwa wasusi, wavuvi, wahunzi na mafundi wenyewe, na unapaswa kukusanywa kwao kabla ya kusanifishwa na Baraza la Kiswahili la Taifa. Kazi hiyo ikikamilika, mwombaji ataweza kuisoma nambari aliyoandikiwa na kusema kama kweli hiyo ndiyo kazi anayoifanya.