Nyaya za Betri ya Jua: Maneno kwa Watu wa Rangwi

Wazee, walimu na ndugu zetu, twataka kusema nanyi habari ya nyaya.

Huku milimani watu wengi hupata taa kwa betri ya volti 12 ijazwayo na jua. Wengine hudhani kuwa umeme huo mdogo haudhuru, nao hununua waya mwembamba kwa unafuu wa bei. Sivyo. Vyombo vya wati 60 huvuta ampea 5 katika volti 12. Katika volti 230 vingevuta kama robo ya ampea tu. Kwa hiyo waya wa betri yapasa uwe mnene zaidi. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukienda meta 10, hupoteza zaidi ya volti 1 njiani, taa zikafifia. Wa milimita mraba 4 haupotezi hata nusu.

Basi jumlisheni wati za vyombo vyote, mgawanye kwa 12 mpate ampea. Pimeni na urefu, ndipo mchague waya. Fyuzi na ikae karibu na betri, katika waya wa chanya, wala isizidi uwezo wa waya. Viungo vikazwe kwa skrubu, visisokotwe kwa mkono, maana kiungo kilicholegea huwaka moto.

Jamaa zetu, unafuu wa dukani usije ukateketeza nyumba.