Mbwa wa Lindo na Kamba Iliyokaza: Mada kwa Washika Mbwa, Tononoka, Mombasa



Mbwa havuti kamba kwa ukaidi. Huvuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Akimwona paka jaani akajitupa mbele, nawe ukamfuata hatua tatu, umeshamlipa. Wengi wetu huanza kwa kuuliza tununue mkanda gani, ilhali hakuna mkanda unaomfundisha mbwa kutembea.

Lakini mkanda unaweza kumdhuru, na hapa Mombasa humdhuru upesi. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Msimu wa kaskazi, hewa ya kisiwa hiki imejaa unyevu na hata kuhema hakumtoshi. Mvishe mnyororo wa kukaba, umvute, na umembana palepale anapotolea joto. Ukimsikia anakoroma, ufizi umeiva wekundu na mate mazito yananing'inia, acha doria, mtie kivulini, mmwagie maji. Mnyororo huo ulipata umaarufu mkubwa kupitia vipindi vya televisheni vya Barbara Woodhouse mwaka 1980, huko Uingereza kwenye baridi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walipima macho ya mbwa wanaovuta: mkanda wa shingo uliongeza shinikizo ndani ya jicho, wa kifua haukuongeza. Mkanda wa miiba nao, Ujerumani imeupiga marufuku katika mafunzo tangu 2022. Sioni sababu ya sisi kuung'ang'ania.

Mimi nachagua mkanda wa kifua wenye pete kwa mbele. Mbwa akivuta, kamba humgeuza akuelekee. Wenye pete mgongoni pekee humpa nafasi ya kuegemeza mwili wote, kama punda wa mkokoteni. Kama mlio nao ni huo, fundi mzuri wa mikoba ataishona pete ya chuma kifuani. Kagueni makwapa kila zamu, huko ndiko mbwa huchubuka.

Kamba ikikaza, simama. Usifoke, usimvute. Akirudi hata nusu hatua na kamba ikalegea, mpe kipande cha ini papo hapo pajani pako, kisha endeleeni. Mwanzoni kutoka getini hadi barabarani kutawachukua muda mrefu, vumilieni.

Kinachotuharibia kazi ni zamu. Wa mchana anasimama, wa usiku anakokotwa. Mwanasaikolojia Skinner alionyesha kwamba tendo linalolipwa mara moja moja ndilo gumu zaidi kuling'oa, kwa hiyo mbwa wa namna hiyo atakuwa mgumu kuachishwa kuvuta kuliko asiyefundishwa kabisa. Andikeni kwenye daftari la lindo: amri ni ipi, zawadi ni ipi, jana alishindwa wapi.

Na majirani zetu wana haki. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi pwani, unyevu wa mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa nao hutakiwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu anawahi swala ya jamaa, mbwa akamrukia, mmemkosesha swala. Mbwa atembee upande wa ukutani, nawe uwe kati yake na wapita njia. Adhana ikisikika, fupisheni kamba na mpishe.

Wenye kampuni za ulinzi nawaomba mambo mawili: kila mbwa awe na mkanda wake uliopimwa kifuani mwake, na zamu zikutane kwa robo saa, ili anayetoka amtembeze mbwa pamoja na anayeingia.